Maji au Mama

Mnaingia sebuleni kwangu, nyie vijana mnaosomea ufundi wa umeme, shikamoo bibi, marahaba, halafu macho yote yanakwenda ukutani. "Bibi, hii kengele ni ya nini?" Na yule mwenye ulimi mrefu kati yenu anaongeza, "Betri zake mpya kabisa, wakati rimoti ya tivii imekaa miezi haina betri!" Mnacheka. Chekeni tu. Leo nitawaeleza, ili siku mkinizika msije mkaitupa jalalani pamoja na makopo yangu.

Mimi nilikuwa fundi redio hapahapa Ifakara, miaka ya tisini. Nasema fundi, si mke wa fundi wala dada wa mapokezi, maana hata leo nikitaja wapo wanaouliza, "Ulikuwa unamsaidia nani?" Nilikuwa nasaidia redio. Kibanda chetu cha mabati kilikuwa Lipangalala, pale nyumba zilipokuwa zinaishia na mashamba ya mpunga yanaanza. Siku hizi ukifika huwezi kupajua, ni nyumba tupu hadi huko chini. Zamani ukikaa mlangoni ulikuwa unaona mpunga ukiyumba mpaka macho yachoke, na nyuma yake milima ya bluu. Nikifumba macho nausikia ule upepo, na harufu ya risasi ya kuungia nyaya ikiyeyuka, na redio tatu zikiongea kwa pamoja kila moja habari yake. Natamani hata dakika kumi za kelele zile.

Mwenye kibanda alikuwa Fundi Gaspari, Mpogoro wa upande wa Mahenge. Mtu mfupi, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwa la kupasua mawe, na Mkatoliki wa kweli. Alikuwa hawashi redio aliyoitengeneza kabla ya kufanya ishara ya msalaba. Kwa jina la Baba, na la Mwana, halafu anageuza swichi huku amefumba jicho moja. Ikiimba, anasema "Amina." Ikinyamaza, anasema maneno ambayo siwezi kuyatamka mbele yenu.

Siku yangu ya kwanza alinipa kitu kidogo kiganjani, kama punje ya mpunga yenye miguu miwili ya waya. Upande mmoja kilikuwa na mstari.

"Hii ni diodi," akasema. "Umeme ukiingia huku, unapita na kutokea upande wenye mstari. Ukiingia upande wenye mstari, haupiti."

"Halafu?"

"Halafu nini? Basi."

"Fundi, nimeacha kupalilia kwa mama nije kufundishwa neno moja?"

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Akanipa ile mita yake, yenye sindano inayocheza nyuma ya kioo, akaniambia nipime kila diodi iliyokuwa kwenye kopo la maziwa, na nimwambie zipi nzima na zipi zimekufa. Diodi nzima, sindano inapanda ukipima upande huu, ukigeuza nyaya inalala. Ikipanda pande zote mbili, imetoboka. Isipopanda kokote, imekatika. Nilipima mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini nawaambia, tangu hapo sikuwahi kufunga diodi kwenye sakiti bila kuipima kwanza, hata iwe mpya ndani ya karatasi yake. Nyie mnaamini kila kilichotoka dukani.

Na jambo jingine mlishike, maana naona mnavyochoma vitu vya watu. Ukiunganisha diodi au transista kwa risasi, ushike mguu wake kwa koleo, katikati ya moto na mwili wake. Koleo ndilo linakunywa joto. Sisi hatukuwa na chuma cha umeme cha kuchomelea kila siku, umeme wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Tulikuwa na kipande cha shaba chenye mpini wa mti, tunakiweka kwenye jiko la mkaa, pembeni maharage yanachemka. Joto la namna hiyo halina adabu, linaua transista kabla hujasema aa.

Sasa, aliyenifanya nielewe diodi ni ya nini hakuwa Gaspari. Alikuwa Masanja. Huyu alikuwa Msukuma, mfugaji, jamaa wa miraba minne aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, na redio yake aliifunga kwenye baiskeli kwa mpira. Redio ya Masanja ilikuwa inakufa kila mara, na kila mara ni ugonjwa uleule, transista zimeungua.

"Mayu," ananiambia, maana wao mwanamke wanamheshimu kwa kumwita mama, "hii redio imerogwa."

Gaspari akamwambia ailete jinsi anavyoitumia kule kwake, asibadilishe kitu. Akaja nayo. Jamani! Betri hazikuwa ndani ya redio. Betri zikichoka watu walikuwa wanazianika juu ya bati zipate joto, na zikishakuwa dhaifu hivyo wanaunga nyingi zaidi ili redio iimbe. Masanja alikuwa amezipanga betri zake ndani ya kipande cha mwanzi, ndefu kama mkuki, amezifunga kwa mpira wa baiskeli, na nyaya mbili zinaning'inia. Waya upi uende wapi, anakisia. Siku akikisia vizuri anasikiliza salamu. Siku akikosea, moshi.

Gaspari hakumkaripia. Alichukua diodi moja, akaiweka kwenye waya unaoingiza umeme. "Sasa unganisha ovyo."

Masanja akaunganisha kinyume. Kimya. Akageuza. Redio ikaimba. Alitazama ile punje, akasema, "Kumbe huyu ni mlinzi wa zizi. Ng'ombe watoke, fisi asiingie."

Nami nilikuwa nimekaa na mita miezi mizima sikuwa nimepata maneno mazuri kama hayo. Ila mjue, mlinzi huyo anakula. Kila umeme unapopita kwenye diodi unaacha kidogo mlangoni, kiasi cha nusu volti na ushee, kwa hiyo betri zikiwa hoi kabisa, diodi inazimalizia. Masanja alirudi kulalamika juu ya hilo pia. Tukawa marafiki kwa malalamiko.

Nataka mjue hayo kwanza, ndipo nifike kwa mama.

Mama yangu, Otilia, alikuwa mjane, na mimi nilikuwa mtoto wake pekee aliyebaki. Wengi wenu ni watu wa hapa, mnajua desturi. Mvua zikianza, watu wanahamia shamba. Unafunga nyumba, unabeba sufuria, kuku, mkeka, unakwenda kukaa kwenye kibanda katikati ya mpunga mpaka uvune. Nani ataamia ndege usipokuwepo? Wale kwelea wakishuka asubuhi moja, jioni umebaki na majani. Mama alikuwa anahamia wa kwanza na kurudi wa mwisho. Shamba lake lilikuwa chini kuelekea mto Lumemo. Kutoka kibandani kwetu nilikuwa nauona moshi wake, lakini kumfikia ilikuwa ni kupita njia ya matope, na mvua zikikolea unavua viatu.

Na mto ule, mnaufahamu. Maji ya Lumemo hayasubiri mvua inyeshe Ifakara. Inanyesha milimani, hapa jua linawaka, watu wameanika mpunga, halafu maji hayo, yanaingia shambani kimyakimya kama mgeni asiyebisha hodi. Mama alikuwa amezeeka, goti lake moja halikunjiki, na usikivu wake ulikuwa umepungua. Kila nilipoinua macho kutoka kwenye sakiti nilikuwa natazama kama moshi bado upo. Nilikuwa naogopa. Nilimbembeleza ahame, nikamgombeza, nikamtuma katekista. Anajibu neno lilelile: "Mpunga wangu nimwachie nani?"

Nikamwambia Gaspari. Akavuta kofia, akafikiri, akasema, "Basi kama mama haji kwetu, waya umfuate mama, kengele ilie hapa maji yakija."

Alikuwa na waya wa simu wa zamani aliouokota kwenye vyuma chakavu, ule wenye nyuzi nyingi ndani. Tuliupitisha juu ya miti na nguzo, na nguzo hizo Masanja ndiye alizichimbia, maana alisema zikichimbiwa na sisi ng'ombe wake wataziangusha kwa kupiga chafya. Kule shambani tukaweka kigingi chenye misumari miwili iliyokaribiana bila kugusana. Huku kibandani tukaweka transista na kengele ya mlango. Maji yakifika kwenye misumari, yanapitisha umeme kidogo sana kutoka msumari mmoja hadi mwingine. Umeme huo mdogo hauwezi kuliza hata kengele ya kuku. Lakini ukiufikisha kwenye mguu wa kati wa transista, transista inafungua njia kwa umeme mkubwa, na kengele inalia. Hiyo ndiyo kazi yote ya transista, mkono mdogo unaofungua bomba kubwa. Mkielewa hapo, hata hizo simu zenu mmezielewa, ni hayohayo yakirudiwa mara nyingi kuliko punje za mpunga wa bonde zima.

Asubuhi ya kwanza ikalia. Nikakimbia na khanga mkononi. Mama yupo anaota moto. Umande! Umande ulikuwa umelowesha misumari. Kesho yake ikalia, chura amekaa juu ya kigingi, amestarehe kama mwenyekiti.

Gaspari akasema, "Shahidi mmoja hatoshi." Tukaweka vigingi viwili, kimoja ukingoni mwa shamba upande wa mto, kingine kwenye nguzo ya mlango wa mama. Kila kigingi na transista yake, lakini transista hizo tukazipanga kwa kufuatana, umeme upite ya kwanza ndipo uikute ya pili. Mmoja akikataa, hakuna kengele. Vitabuni mnaita milango ya mantiki, na mwalimu wenu anachora vimaumbo vizuri ubaoni. Sisi tulisema tu huu ni mlango wa NA. Maji ukingoni NA maji mlangoni, ndipo ulie. Vyura wawili kukaa kwa wakati mmoja kwenye vigingi viwili, hapo tena ni vita.

Huyo Gaspari alikuwa na mlango mwingine, wa SIYO, niwape mcheke kidogo. Padri mmoja alitaka taa ya banda la kuku ijiwashe jua likizama. Gaspari akachukua transista ya zamani, zile za kioo zilizopakwa rangi nyeusi, akaikwangua rangi. Ukiikwangua, mwanga unaiamsha kana kwamba umeipa umeme. Akaipanga kinyume, mwanga ukiwepo taa izime, mwanga usipokuwepo iwake. Kazi safi. Baada ya siku chache padri akaja amenuna, taa inawaka saa sita mchana. Tukaenda kupima, tukabadilisha rezista, tukaumiza vichwa. Gaspari ndiye aliyenyanyua macho. Padri mwenyewe alikuwa ameanika kanzu yake juu ya lile jicho la transista. Gaspari akamwambia, "Baba, mtambo wangu umeona kanzu yako ukadhani ni giza." Padri alicheka, namshukuru Mungu.

Turudi kwa mama. Ule mlango wa NA ulitulia. Wiki ikapita, kimya, nikaanza kufanya kazi bila kuinua macho. Redio zilikuwa nyingi msimu ule, watu wamevuna mahindi, kila mtu anataka redio yake iimbe. Nikawa naenda kumwona mama Jumapili tu, na Jumapili nyingine mvua, nyingine nimechoka.

Halafu kengele ikaanza kulia mchana wa jua kali.

Nikikimbia nakuta ardhi kavu. "Mama, kuna nini?" "Sijui, mwanangu. Labda chura." Ukingoni pakavu, mlangoni pamelowa kidogo tu. Basi nakaa napumua, na bahati nzuri kila mara nakuta chakula kimeiva. Wali, perege wa kukausha, mlenda. Nakula, napiga naye soga, narudi kazini. Siku ya pili yake au ya tatu, tena kengele.

Gaspari alikasirika kama mtu aliyetukanwa. Mtambo wake haulii ovyo! Alibadilisha transista zote mbili. Alipima waya mzima, uzi kwa uzi. Alimwita Masanja, akamuuliza ng'ombe wake wanatafuna waya? Masanja akaapa kwa ng'ombe dume mwenyewe. Tulikaa na ile sakiti mezani, tumeifungua, tunaitazama, kila kitu kizima, diodi nzima, transista nzima, risasi inang'aa. Hakuna kitu kinachomtesa fundi kama kifaa kizima kinachofanya vibaya.

Mwisho akaniambia, "Sabina, nenda kakae kule kabla haijalia. Usimwambie mama yako. Pita kwenye mpunga."

Nikapita kwenye mpunga, nimeinama kama mwizi. Nikafika karibu, nikachuchumaa.

Mama alitoka kibandani na kopo. Alikwenda kwa mguu wake ule usiokunjika hadi ukingoni, akaning'iniza kopo la maji kwenye kigingi cha kwanza, misumari ikazama ndani. Akarudi polepole. Akachota maji kwa kikombe, akaimwagia misumari ya mlangoni. Akasubiri kidogo akimwaga tena, kama mtu anayenywesha mche. Halafu akarudi kulitoa lile kopo ukingoni, akalificha chini ya jamvi. Akafuta kigoda changu kwa upindo wa khanga. Akaongeza kuni chini ya sufuria. Akakaa, akaelekeza uso kwenye njia ninayojia.

Sikuweza kutoka mahali pale mara moja. Nililia kwanza. Kisha nikazunguka, nikatokea njiani nikiwa nahema kama aliyekimbia.

"Mama, kuna nini?"

"Sijui, mwanangu. Labda chura. Umekula?"

Nikasema sijala.

Nilipomsimulia Gaspari alikaa chini. Nilidhani atacheka, maana mama yangu, ambaye hajui kusoma, alikuwa amegundua peke yake kwamba kigingi kimoja hakitoshi. Hakucheka. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Mama yake mwenyewe alifia Mahenge, na habari alizipata hapohapo mezani. Alikuwa ametoka kutengeneza redio ya mteja, akafanya ishara ya msalaba, akawasha kuijaribu, na ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Akasikia jina la mama yake kwenye redio ya mtu mwingine, sauti safi kabisa, hakuna hata mkwaruzo.

"Nilikuwa sijaenda muda mrefu," akasema. "Kazi zilikuwa nyingi." Akachukua kopo la maziwa, akaanza kuchagua diodi. "Leta vipande viwili vya bati. Tumpe kitufe."

Hivyo ndivyo tulivyotengeneza mlango wa AU. Njia ya maji inakuja kutoka vigingini, njia ya kitufe inakuja kutoka kwa mama, zote zinakutana kwenye transista ya mwisho inayoliza kengele. Tulijaribu kwanza kuziunga hivihivi, kwa uchu wetu wa kumaliza. Mama akibonyeza, umeme wa kitufe unarudi nyuma kwenye njia ya maji, unapotelea huko, kengele inakohoa tu. Ndipo diodi mbili zilipoingia, moja kila njia, mstari umeelekea mbele. Sasa kila mmoja anasukuma kwenda kwenye kengele, wala hawezi kumrudia mwenzake. Maji AU mama, kengele inalia. Mkiulizwa kwenye mtihani diodi ina faida gani, andikeni mtakachoandika. Mimi hiyo ndiyo faida ninayoijua.

Nikamwambia Gaspari, "Tuweke na taa mbili ndogo, nyekundu ya maji, kijani ya mama. Nikiona kijani najua hakuna hatari."

Hapo ndipo aliponipandishia sauti, na sijui kama aliwahi kunifanyia hivyo tena. "Ili iweje? Ukiona kijani useme nitakwenda kesho? Hapana taa kwenye kengele hii. Ikilia, unakwenda."

Nilinuna. Niliona mzee ananionea. Lakini meza ilikuwa yake na risasi ilikuwa yake.

Mama alikipenda kitufe kile. Tuliposema tumemwekea ili "akiona chura" aweze kutuambia, alitutazama sote wawili, akajua kwamba tunajua, akaangalia pembeni akicheka kama msichana. Alikuwa anabonyeza mara moja tu, sawasawa, kama anagonga mlango wa mtu mkubwa. Nami nilikuwa nafunga kazi, nachukua kikopo cha ugoro wake, naenda. Wateja walizoea. "Fundi ameitwa na mama yake," wanasema, wanakaa kusubiri. Zilikuwa siku nzuri zile. Hakuna nilichokuwa nacho, na hakuna nilichokuwa nimepungukiwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Nakumbuka nilikuwa na redio kaseti ya mtu kutoka Mofu, mkanda umejisokota ndani, mteja amekaa mlangoni ana haraka ya kuwahi safari. Kengele ikalia. Nilikuwa naushika mkanda kwa ncha za vidole, ukiuachia unarudi kujisokota. Nikatazama mlimani, kweupe. Nikasema moyoni, mama leo ana maneno. Kama ningekuwa nimezoea kuchagua kengele ya kwenda na ya kungoja, ningemaliza mkanda ule. Nawaambia ukweli wangu, ningemaliza.

Nikauachia mkanda, nikachukua ugoro, nikaenda.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda upande wa jua, anachambua mchicha. Akainua uso, akashangaa.

"We Sabina! Leo mbona mapema?"

"Si umeniita?"

"Mimi? Sijabonyeza mimi."

Tukatazamana. Kisha nikatazama miguu yangu. Upande wa pili wa kibanda, kwenye nguzo ya mlango, maji yalikuwa yameshaingia chini ya jamvi, yanang'aa, hayana hata sauti. Nilipogeuka, njia niliyojia ilikuwa haionekani. Mpunga wote ulikuwa umesimama ndani ya maji, na maji yalikuwa yanatembea.

Nilimbeba mgongoni. Anapiga kelele kuku zake, anapiga kelele sufuria, nami namwambia nyamaza mama, nyamaza. Maji yalinifika mapajani, kisha kiunoni. Sikuwa na nguvu za kufika. Nasema wazi, tungekufa pale, mimi na yeye, kama Gaspari asingekuwa na mazoea ya kuhesabu. Kengele ilikuwa haijanyamaza. Mama akibonyeza inalia mara moja, basi. Hii ilikuwa inalia tu, inalia, na Gaspari alisimama akaacha ile shaba ya kuchomelea kwenye mkaa, akakimbia kwa Masanja.

Masanja alikuja na mkokoteni wa maksai. Niliona vichwa vya ng'ombe kwanza, vinakata maji. Alimnyakua mama kama gunia la pumba, akampakia, akanivuta na mimi. "Mayu, shika pembeni, usishike mkia," akasema, na mama huku analia akaanza kucheka.

Jioni ile kibanda chake hakikuwepo. Mpunga wote ulikwenda. Nguzo za Masanja zilibaki zimesimama na waya juu yake, kama mzaha.

Mama akahamia kwangu, nyumba hii hii, chumba kile cha nyuma. Mwaka wa kwanza alikuwa mtu wa kukaa tu. Hana ndege wa kuamia, hana moto wake. Gaspari akaja na koleo, hakuuliza mtu, akakifunga kile kitufe kwenye ukuta karibu na kitanda chake, na kengele hapa sebuleni. Vigingi tulikuwa hatuna tena. Mama akaanza kubonyeza. Mimi niko jikoni, hatua chache kutoka kwake, ananipigia kengele. "Nini mama?" "Hakuna. Njoo ukae." Nakwenda, nakaa.

Alikufa miaka michache baadaye, kwa uzee, kitandani mwake, nimemshika mkono. Gaspari alimfuata, tukamzika na kofia yake. Masanja alihama na ng'ombe, sijui yuko wapi, kama yupo hai ana redio mkononi. Kibanda kilivunjwa. Siku hizi redio ikiharibika mnanunua nyingine.

Na nyie mna simu. Ikilia mnatazama kioo kwanza, kimewaandikia nani anapiga. Nawaona mkiwa hapa kwangu, nawaona kabisa. Kioo kinaandika "Mama," mnaigeuza uso chini, mnasema, "Nitampigia baadaye." Kila mara namkumbuka mzee Gaspari akininyima taa zangu mbili.

Betri za kengele nazibadilisha kila mvua zikikaribia. Nimezoea tu, msinitafutie maana.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha mchana, ile ya kupiga bati mpaka usisikie unachowaza. Nilikuwa nimekaa hapa nachambua mchele. Kengele ikalia. Nikaweka ungo chini, nikasimama, magoti na yote, nikajifunga khanga, nikachukua kikopo cha ugoro juu ya kabati. Nilikuwa nimeshafika mlango wa chumba cha nyuma, nimeshasema, "Nakuja, mama," ndipo nikaona bati linavuja, na maji yanateremka ukutani moja kwa moja hadi kwenye kitufe.

Nikaweka ndoo. Nikakifuta kitufe kwa upindo wa khanga mpaka kikakauka na kengele ikanyamaza. Kisha nikakaa pale kitandani kwake kwa muda, maana nilikuwa nimeshaitwa.